Je, Wajua? Farasi Mkaidi Huenda Anaumwa Tumbo

Farasi akilaza masikio nyuma na kutaka kuuma kila anapokazwa mkanda wa tandiko, wengi humwita mkaidi, na dawa ya ukaidi huwa fimbo au lijamu kali zaidi. Kabla ya fimbo, lipo la kuchunguza: tumbo. Madaktari wa mifugo wamekuta vidonda vya tumbo kwa farasi wengi mno wa mbio walio mazoezini, wakiwamo wanaoonekana wazima kabisa kwa nje. Ndiyo maana nasema mafunzo ya farasi hayatenganishwi na afya yake. Anayefundisha mwendo bila kujali tumbo, meno, mgongo na upweke wa mnyama, kazi yake haijakamilika.

Sababu imo katika maumbile. Farasi aliye huru hula kwa saa zipatazo 16 kwa siku, akimega majani kidogo kidogo huku akitembea. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule mkubwa, nalo hutoa tindikali usiku na mchana, awe anakula au hali. Mate yanayopunguza ukali wa tindikali hiyo hutoka anapotafuna tu. Sasa mfungie bandani na umpe nafaka mara mbili kwa siku: atatafuna muda mfupi, kisha atakaa saa nyingi tumbo likiwa tupu na tindikali ikizidi kujaa. Sehemu ya juu ya tumbo haina ute wa kuikinga, na farasi anapotimua mbio, misuli ya fumbatio hulibana tumbo na kuirusha tindikali huko juu. Mwenye vidonda mahali hapo akikazwa mkanda, si ajabu akauma.

Kwa nini basi hatuyaoni maumivu hayo mapema? Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Porini, aliyeonekana dhaifu ndiye aliyeliwa, kwa hiyo huficha uchungu wake. Lakini uso humsema. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa farasi: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, ngozi iliyojikaza juu ya jicho, misuli ya taya iliyotuna, pua zilizokazana. Naye hutusoma sisi. Huko Berlin, farasi aitwaye Hans alisifika kwa kujua hesabu, hadi mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alipobainisha kwamba alikuwa akifuata mitikisiko midogo mno ya kichwa cha muulizaji. Mnyama mwenye macho ya namna hiyo hahitaji kipigo ili aelewe. Anahitaji ishara iliyo wazi, na hatamu ilegezwe papo hapo anapotii, maana hapo ndipo anapojifunza.

Wapo watakaosema huko ni kumdekeza, na kwamba mnyama wa kilo 500 asiye na adabu ni hatari. Hatari ni ya kweli, ila anayetii kwa sababu ya uchungu ndiye anayelipuka bila onyo uchungu ukimzidi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mtazamo huu wa mwili mzima umewafungulia mlango wauzaji wa mafuta na mitishamba isiyothibitishwa. Kumtazama farasi mzima si kumkwepa daktari. Vidonda huthibitishwa kwa kamera inayoingizwa tumboni, na hutibiwa kwa dawa ya kupunguza tindikali, omeprazoli. Lakini dawa ikiisha na maisha ya bandani yakabaki yale yale, vidonda hurudi.

Kwa hiyo, kabla hujamhukumu farasi, mpe majani makavu au alfalfa kidogo kabla ya mazoezi, muache ashinde malishoni na wenzake, mkagulie meno, na hakikisha tandiko halimbani mgongo. Akiendelea kugoma, mwite daktari kwanza, mkufunzi baadaye.