Uunganishaji wa Mfumo wa Udhibiti wa Matoleo na Zana ya Kusanidi Hifadhidata: Suala la Usalama wa Data

Mifumo ya udhibiti wa matoleo, kama vile Git iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka 2005, iliundwa ili kutunza historia ya faili. Msanidi programu akiharibu msimbo, hurejea toleo lililotangulia na kazi ikaendelea. Hifadhidata haifuati kanuni hiyo kikamilifu. Muundo wake huweza kuandikwa katika faili, lakini data iliyomo haitunzwi pamoja na faili hizo. Jedwali likifutwa, kurejesha toleo la awali la muundo huleta jedwali tupu. Makala hii inafafanua namna tofauti hiyo inavyoathiri uunganishaji wa mfumo wa udhibiti wa matoleo na zana ya kusanidi hifadhidata.

Kuna mikabala miwili mikuu. Mkabala wa kwanza hujikita katika hali ya muundo. Programu ya SQL Source Control ya kampuni ya Redgate, inayofanya kazi ndani ya SQL Server Management Studio, huandika muundo wa kila jedwali katika faili yake. Mabadiliko yanapohamishiwa kwenye hifadhidata nyingine, hali mbili hulinganishwa na amri za kuondoa tofauti huzalishwa. Ubora wa mkabala huu ni kwamba msanidi huendelea kutumia zana aliyoizoea, na historia ya kila jedwali husomeka kwa urahisi.

Udhaifu wake hudhihirika pale jina linapobadilishwa. Tuchukulie kwamba safuwima ya "simu" katika jedwali la wanafunzi imepewa jina jipya la "namba_ya_simu". Ulinganishaji huona tu kwamba safuwima moja imetoweka na nyingine imeongezwa. Amri zinazozalishwa huweza kufuta safuwima ya kwanza pamoja na namba zote zilizomo, kisha kuunda ya pili ikiwa tupu. Ndiyo maana programu hiyo huruhusu msanidi kuambatisha skripti ya uhamishaji inayobainisha kusudi lake.

Mkabala wa pili huifanya skripti hiyo kuwa msingi. Programu ya Flyway husoma mfululizo wa faili zenye namba, mathalani "V7__badili_jina.sql", na kuziendesha kwa mpangilio. Kila faili iliyotekelezwa huorodheshwa katika jedwali la "flyway_schema_history" pamoja na namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na maudhui yake. Faili ikihaririwa baadaye, uhakiki hushindwa.

Hata hivyo, mkabala huu nao una changamoto. Wasanidi wawili wakiunda faili zenye namba V8 katika matawi tofauti, Git huziunganisha bila kuona mgongano, kwa kuwa majina kamili ya faili hizo hayafanani. Mgongano hugunduliwa Flyway inapoendeshwa. Kwa hiyo, inapasa skripti zijaribiwe kwenye hifadhidata ya majaribio kila matawi yanapounganishwa, kabla ya kufikishwa kwenye hifadhidata inayotumika.

Kutokana na ufafanuzi huu, kigezo kikuu cha kutathmini uunganishaji wa aina hii ni iwapo unatunza njia iliyopitiwa kutoka hali moja hadi nyingine. Aidha, nakala rudufu za data hubaki kuwa za lazima, kwa sababu hakuna mkabala kati ya hii miwili unaoweza peke yake kurejesha data iliyokwisha kufutwa.