Nati ya Gesi Imegoma Kwenye Regyuleta ya Bia? Haya Ndiyo ya Kufanya Kabla ya Kuivunja

Nchini Marekani, kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yako kuliruhusiwa na sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Nyumba yenye mtu mzima mmoja ina haki ya galoni 100 kwa mwaka, na wakiwa wawili au zaidi ni galoni 200. Wengi wa watu hawa wameshaachana na chupa. Bia inakaa kwenye kegi ndani ya friji, pembeni kuna mtungi wa kabonidayoksaidi, na juu kuna bomba kama la baa.

Kati ya mtungi na kegi kuna regyuleta, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mtungi ukiwa kwenye joto la kawaida la chumba una presha ya psi 800 hivi. Bia inataka psi 10 hadi 12 tu. Siku mwenye mtambo anapotaka kubadilisha kiungio cha mpira, ama kwa sababu kinavuja, ama anataka kuongeza kegi ya pili, anaweka spana, anavuta, na nati haisogei hata kidogo.

Sababu kubwa ni gundi. Viwanda vingi hupaka gundi ya nyuzi kwenye viungio vya shaba ya manjano ili visilegee njiani. Sababu ya pili ni bia yenyewe: presha ya mtungi ikishuka kuliko ya kegi, bia hurudi nyuma kwenye mpira, na ile valvu ndogo ya kuizuia ikishindwa kazi, sukari inakauka ndani ya kiungio na kukiganda. Tatu ni fundi wa kwanza aliyekaza kama anafunga tairi la lori.

Kabla ya kugusa spana, mtungi unafungwa kabisa, presha iliyobaki inatolewa kwa kuvuta kile kipete cha usalama, kisha kitasa cha kurekebisha presha kinalegezwa mpaka kiwe huru. Geji zote mbili zisome sifuri. Halafu regyuleta inatolewa kwenye mtungi. Wanaojaribu kufungua ikiwa bado imefungwa pale juu huishia kuangusha mtungi au kupinda shingo ya regyuleta.

Kinachofuata ni jiliwa, ile mafundi wengi wanayoiita vaisi. Regyuleta inabanwa kwenye mwili wake wa chuma kizito, si kwenye geji na si kwenye kofia ya mbele, na meno ya vaisi yanafunikwa kitambaa kinene au vipande vya mbao. Spana iwe ya saizi kamili, bora ya pete yenye pembe sita. Plaizi iachwe kwenye sanduku: shaba ni laini, pembe za nati zikishalika hakuna tena pa kushika. Badala ya kuvuta taratibu kwa nguvu zote, mpini wa spana hugongwa kwa nyundo ya mpira, pigo fupi moja moja. Gundi ngumu huvunjika kwa mshtuko kuliko kwa kuvutwa.

Kuna mtego hapa. Si kila nyuzi hufunguka kuelekea kushoto. Baadhi ya regyuleta za bia zina tundu la upande mmoja, mara nyingi la geji ya presha kubwa, lenye nyuzi za kinyume. Mtu anadhani anafungua, kumbe anazidi kukaza. Ukiona herufi LH karibu na tundu, zungusha upande wa pili.

Ikigoma bado, joto linasaidia, lakini kwa akili. Geji zinatolewa kwanza. Kiungio kinapashwa kwa maji ya moto sana, au kwa ile mashine ya hewa moto ya kukwangulia rangi, ikielekezwa kwenye nati peke yake, kisha spana inarudi haraka. Moto wa gesi hapana. Ndani kuna kiwambo cha mpira na vizibo vya plastiki, na gundi kali huhitaji nyuzi joto kama 250 za Selsiasi kulegea. Mpira utakuwa umeshakufa zamani. Kama gundi ni ya aina hiyo, ama regyuleta ifunguliwe kiwambo kitolewe, ama mwenye nayo akubali kununua nyingine. Mafuta ya kulainisha kutu nayo hayafai, maana harufu yake itaishia kwenye glasi.

Na tuelewane: hii ni regyuleta ya gesi isiyowaka. Mwenye mtungi wa kupikia Nairobi au Dar es Salaam asijaribu nyundo wala joto kwenye regyuleta yake. Ile airudishe dukani ibadilishwe.

Kiungio kipya kikija, kiangaliwe aina yake. Chenye nyuzi zinazopungua unene kuelekea mwisho huzungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu au nne, uzi wa kwanza ukiachwa wazi ili vipande visiingie ndani. Chenye mdomo wa mshazari hakitaki tepu, kwa sababu kinachoziba ni chuma kwa chuma. Nati kubwa ya mtungini pia haitaki tepu, inataka washa yake, na washa nzima.

Kisha maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Povu likitokea, kuna tundu. Hapa uvivu ni hatari, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na haionekani. Mtungi mdogo wa pauni 5, yaani kilo 2.3, ukivuja wote unatoa zaidi ya mita moja ya ujazo ya gesi. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 kilichofungwa, hiyo inazidi asilimia 5 ya hewa, wakati asilimia 4 tayari huhesabiwa kuwa hatari ya haraka kwa uhai.

Jaribio la mwisho ni la usiku mmoja: mfumo unajazwa presha, mpira wa kegi ukiwa umechomolewa, mtungi unafungwa, na namba za geji zinaandikwa. Asubuhi sindano ikiwa pale pale, kegi inaunganishwa. Ikiwa imeshuka, sabuni inarudi kazini.