Mabaki ya Kinu: Jinsi Maabara Inavyosoma Fueli ya Nyuklia Iliyoyeyuka

Fueli ya nyuklia inapoyeyuka ndani ya kinu, ushahidi wa moja kwa moja wa yaliyotokea hupotea karibu wote kwa saa chache, kwa sababu vipimajoto huungua kabla joto halijafika kileleni, mionzi huwazuia watu kusogea kwa miaka mingi, na wahandisi hubaki na chati za shinikizo pamoja na hesabu za kompyuta zinazoweza kuafikiana na chati hizo kwa njia zaidi ya moja. Shahidi anayesalia ni mabaki yenyewe, yaani mchanganyiko wa fueli, metali na oksidi ulioganda baada ya joto kushuka. Kazi ya maabara ni kusoma katika mabaki hayo joto lilifika kiwango gani, lilidumu kwa muda gani, na lilishuka kwa kasi gani. Kazi hiyo ni ya polepole na ya gharama kubwa, lakini historia ya mtambo wa Three Mile Island inaonyesha kwamba pasipo kazi hiyo hata wataalamu waliobobea walikuwa wamekosea katika jambo la msingi kabisa, yaani ni kiasi gani cha fueli kilichoyeyuka.

Kinu namba 2 cha mtambo huo, kilichojengwa kwenye kisiwa katika Mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilianza kuzalisha umeme wa kibiashara tarehe 30 Desemba 1978, na ajali ikakikuta alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, kabla hakijatimiza miezi mitatu. Kiini chake, yaani sehemu inayobeba fueli, kilikuwa na matita 177, kila tita likiwa na fimbo 208, na kila fimbo ikiwa mrija mwembamba wa aloi ya zirkoni uliojazwa vidonge vya oksidi ya urani vyenye kipenyo kinachokaribia sentimita 1. Vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyopasa, kisha ikakwama bila kujifunga, na maji yakaendelea kutoka; waendeshaji, kwa kuwa vipimo vilivyokuwa mbele yao viliwafanya waamini kwamba mfumo umejaa kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura ambayo yangeuokoa. Mpasuko wa viini vya atomi ulikuwa umekwisha kusimamishwa tangu mwanzo, lakini mazao ya mpasuko huendelea kutoa joto kwa kadiri yanavyooza, na joto hilo la baadaye, ingawa ni sehemu ndogo ya nguvu ya kinu kikiwa kazini, latosha kuchemsha maji yote yanayokizunguka kiini endapo hayatajazwa mengine.

Fimbo zilipobaki wazi juu ya usawa wa maji, zirkoni yake ilianza kunyang'anya oksijeni kutoka katika mvuke na kuacha hidrojeni. Mmenyuko huo wenyewe huzalisha joto, na joto likipita nyuzi 1,200 za Selsiasi hivi, mwendo wake huongezeka kiasi kwamba metali inakuwa chanzo cha moto kinachoshindana na fueli. Hidrojeni iliyopatikana iliwaka ndani ya jengo la kinu mchana wa siku ileile. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa maoni yaliyotawala yalikuwa kwamba fimbo nyingi zimevunjika na zirkoni nyingi imeungua, ila oksidi ya urani, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 2,850, haikuyeyuka au iliyeyuka kidogo tu.

Mnamo Julai 1982 kamera ndogo iliteremshwa kupitia tundu la mfumo wa fimbo za kudhibiti, na mahali palipotarajiwa kuonekana ncha za matita pakaonekana uwazi mtupu wenye kina cha mita 1.5 hivi, na chini yake kifusi cha vipandevipande. Picha hizo zilishtua, lakini picha haiwezi kusema kama kipande kilivunjika kikiwa kigumu au kiliganda kikitoka katika hali ya uoevu. Jibu lilikuja baada ya sampuli za kifusi kuchotwa kuanzia mwaka 1983 na kupelekwa kuchunguzwa, nyingi kati yake katika maabara ya taifa iliyoko Idaho, ambako baadhi ya chembe zilionekana kuwa ni oksidi ya urani iliyopata kuwa maji. Chembe ambazo zingetosha kwenye kiganja zilipindua makadirio ya miaka minne.

Uchunguzi wa namna hii hufanyika katika chumba chenye kuta nene za zege, ambamo mtaalamu husimama nje akitazama kupitia dirisha la kioo chenye risasi, linaloweza kuwa na unene wa karibu mita moja, na kuendesha kila kitu kwa mikono ya mashine. Kipande hupigwa picha kwanza, hupimwa uzito na msongamano, kisha mionzi yake ya gama hupimwa ili kutambua isotopu zilizomo. Baada ya hapo humiminiwa gundi ya epoksi ndani ya ombwe ili gundi iingie katika kila ufa na tundu, kwa kuwa mabaki haya mara nyingi ni mepesi kumomonyoka, na kuyakata bila kuyashika namna hiyo kungeharibu mpangilio uleule unaotafutwa. Ndipo hukatwa kwa msumeno wa almasi, husuguliwa na kung'arishwa mpaka uso wake uwe laini, na wakati mwingine huguswa kwa tindikali hafifu ili mipaka ya fuwele ijitokeze chini ya hadubini. Hadubini ya elektroni huonyesha ni elementi gani ziko katika kila doa, na mionzi ya eksi hutambua mpangilio wa atomi katika fuwele. Jambo la kusisitizwa ni kwamba hatua hizi zikiharakishwa haziwezi kurudiwa, maana kipande kilichosagwa ili kiyeyushwe katika tindikali na kupimwa wastani wa elementi zake kimekwisha kupoteza habari za umbo lake la ndani.

Habari hizo za umbo la ndani ndizo kipimajoto halisi. Kila kitu kilichokuwamo katika kiini kina joto lake la kuyeyukia, na vitu viwili vinavyogusana mara nyingi huyeyuka pamoja mapema kuliko kila kimoja peke yake. Aloi ya fedha, indiamu na kadimiamu iliyokuwa katika fimbo za kudhibiti huyeyuka karibu na nyuzi 800. Chuma kikigusana na zirkoni huanza kufanya uoevu karibu na nyuzi 940, ingawa chuma cha pua chenyewe hustahimili hadi 1,400 na zaidi. Zirkoni iliyoyeyuka, karibu na nyuzi 1,850, huanza kuila oksidi ya urani na kuigeuza uoevu, ilhali oksidi hiyo ikiwa peke yake ingehitaji nyuzi elfu moja zaidi. Ugunduzi huu wa mwisho una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu unamaanisha kwamba fueli inaweza kupoteza umbo lake na kutiririka mapema sana kuliko mtu anayetazama jedwali la joto la kuyeyukia angedhani. Kwa hiyo mchunguzi anayekuta kidonge kizima kimezungukwa na metali ya chuma na zirkoni hutambua kwamba pale joto lilipita 940 bila kufika mbali, na anayekuta oksidi ya urani na ya zirkoni zimechanganyika kabisa hujua kwamba pale palizidi nyuzi 2,500.

Kasi ya kupoa nayo huacha alama. Mchanganyiko wa oksidi hizo mbili ukipoa taratibu hujitenga katika sehemu mbili, moja yenye urani nyingi na nyingine yenye zirkoni nyingi, lakini ukipoa ghafla hauna muda wa kujitenga na hubaki wa aina moja. Sampuli nyingi za katikati ya kiini zilionyesha utengano, na hivyo kuthibitisha kwamba bonge la fueli lilikaa na joto kwa saa nyingi hata baada ya maji kurudi juu yake, kwa kuwa ganda gumu lilikuwa limelifunika na kuyazuia maji yasilifikie.

Ramani ya bonge hilo ilipatikana mwaka 1986, pale mashine ya kuchoronga iliyobuniwa kwa kazi za kijiolojia ilipofanyiwa marekebisho na kuchimba mihimili ya sampuli kutoka juu ya kiini kwenda chini. Mihimili hiyo ilikuwa na thamani ambayo vipande vilivyochotwa havikuwa nayo, kwa maana kila sentimita yake ilikuwa na mahali panapojulikana. Juu palikuwa na kifusi kilichotokana na fimbo zilizodhoofishwa na oksijeni, zikapasuka kama kioo cha moto kinavyopasuka kikimwagiwa maji baridi, pale pampu ilipowashwa tena dakika ya 174 ya ajali. Chini yake palikuwa na bonge lililoganda. Na chini kabisa, ganda lenye metali nyingi lililoketi juu ya vishina vya fimbo ambazo bado zilisimama. Baadaye ilikubalika kwamba karibu nusu ya kiini iliyeyuka, na kwamba takriban tani 19 za mchanganyiko huo zilitiririka hadi kwenye kitako cha tangi la chuma linalobeba kiini dakika ya 224. Mashine ileile iliporudi ilitumika kuvunjavunja bonge, ambalo lilikuwa gumu mno kwa zana za mikono mirefu zilizotumiwa na wafanyakazi waliosimama juu ya maji.

Mazao ya mpasuko nayo yalitoa somo. Ilitarajiwa kwamba fueli iliyopata kuwa maji ingepoteza sesiamu yake yote, kwa sababu sesiamu huvukizwa kwa urahisi, lakini vipimo vya gama vilionyesha kwamba sehemu yake ilikuwa imenaswa hata ndani ya oksidi zilizoyeyuka. Elementi zisizovukizika kwa urahisi, kama seriamu na europiamu, zilibaki pamoja na urani, wakati rutheniamu na antimoni zilifuata metali. Matokeo hayo yanawahusu moja kwa moja watu wanaoishi jirani na mitambo, maana makadirio ya kiasi cha mionzi kitakachotoka katika ajali hutegemea hasa ni nini kinabaki ndani ya fueli.

Swali lililobaki lilihusu tangi la chuma lenyewe. Mradi wa kimataifa uliosimamiwa na Shirika la Nishati ya Nyuklia la OECD kuanzia mwaka 1988 ulikata vipande 15 vya chuma kutoka kwenye kitako cha tangi mapema mwaka 1990, na kuvigawa kwa maabara za nchi wanachama. Chuma cha aina hiyo hubadilisha mpangilio wa fuwele zake kinapopita nyuzi 727, na ugumu wake baada ya kupoa hutegemea kilifika wapi na kilipoa vipi, kwa hiyo wachunguzi walipasha vipande vya chuma cha aina ileile kwa joto na muda unaojulikana, kisha wakavilinganisha na vile vya tangi. Waligundua doa la joto lenye upana wa karibu mita moja, ambalo uso wake wa ndani ulifika takriban nyuzi 1,100 na kukaa hapo kwa nusu saa hivi kabla ya kupoa haraka. Kilichoshangaza ni huko kupoa. Hesabu zilizokuwapo zilionyesha kwamba mzigo ule wa fueli ungelidhoofisha tangi hadi lipasuke, lakini halikupasuka, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maji yalipenya katika nyufa za bonge na katika upenyo mwembamba uliojitokeza kati yake na chuma. Hakuna programu ya kompyuta ya wakati huo iliyokuwa na njia hiyo ya kupoa ndani yake, na ilibidi iongezwe kwa sababu chuma kilisema hivyo.

Ajali mbili zilizofuata ziliacha mabaki ya aina tofauti. Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, fueli ilitoka nje ya kinu na kuyeyuka pamoja na zege, mchanga na madini ya ukingaji, ikatiririka ndani ya jengo kama lava yenye silika, na watafiti wa Taasisi ya Radiamu ya Khlopin walikuta ndani yake fuwele za silikati ya zirkoni zenye urani nyingi kupita kiasi. Kuwapo kwa silika na kalsiamu katika mabaki kumekuwa tangu hapo alama ya kwamba fueli imekutana na zege, na ni alama inayotafutwa pia Fukushima Daiichi, ambako inakadiriwa kwamba vinu vitatu vilivyoharibika tangu Machi 2011 vina tani 880 hivi za mabaki. Vinu hivyo hutumia kabidi ya boroni katika fimbo za kudhibiti badala ya aloi ya fedha, na boroni ikiungana na zirkoni au chuma hufanya misombo migumu sana, jambo linaloamua ni msumeno gani utakaofaa na ni upi utakaomalizika meno.

Mnamo Novemba 2024 kipande cha kwanza kilitolewa katika kinu namba 2 cha Fukushima Daiichi kwa fito ndefu iliyokuwa ikirefushwa hatua kwa hatua, kikiwa na uzito wa takriban gramu 0.7, na kikapelekwa Oarai katika mkoa wa Ibaraki, kwenye maabara ya Shirika la Nishati ya Atomiki la Japani. Aprili 2025 kikafuata kingine cha gramu 0.2 hivi. Urani ilionekana, na hilo lilithibitisha kwamba ni fueli kweli, lakini vipande hivyo viliokotwa kwenye sakafu iliyo chini ya tangi, mbali na mahali vilipoyeyukia, navyo havitoshi kueleza tabaka zilizo juu yake, kama ambavyo chembe za mwaka 1983 hazikutosha mpaka mihimili ya mwaka 1986 ilipopatikana. Sampuli zinazohitajika sasa ni zile zitakazochukuliwa kwa kina kinachojulikana, ndani ya matangi yenyewe, na zitakazofika Oarai zikiwa na kumbukumbu ya upande gani ulikuwa juu.