Mshale wa Kishapu: Bei yake iko kwenye nakshi na umaliziaji

PAMBA ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, wakulima wengi wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, hubaki na miezi ya kiangazi mikononi kabla ya kusubiri mvua za Novemba. Kipindi hicho ndicho kinachofaa kwa kazi za mikono zinazoweza kuleta fedha ya madaftari ya watoto na mbegu za msimu ujao. Mojawapo ya kazi hizo ni utengenezaji wa mishale, ufundi ambao Wasukuma wanao tangu enzi za mababu.

Soko la kwanza la mshale liko kijijini. Jeshi la jadi la Sungusungu lilipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mikoa ya Shinyanga na Tabora ili kupambana na wizi wa ng'ombe, silaha zake zilikuwa upinde na mishale. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na kundi hilo likatambuliwa kisheria.

Soko la pili ni la mapambo. Wapo vikundi vya ngoma, wageni wanaotembelea Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Jiji la Mwanza, na wenye maduka ya vinyago mijini. Mnunuzi wa kijijini huuliza kama mshale unakwenda moja kwa moja. Mnunuzi wa mapambo huutazama na kuupapasa kwanza. Wote wawili hujibiwa na kitu kimoja: umaliziaji.

Mti ukauke kwanza

Kazi huanzia kwenye wano, yaani mti wa mshale. Mkole ni mmojawapo wa miti inayofaa, kwa kuwa machipukizi yake hunyooka na ni magumu bila kuwa mazito. Shinyanga ina bahati ya kuwa na ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kwa utaratibu wa jadi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Anayetaka fito za kudumu akate matawi na machipukizi, aache shina lichipue tena, na apate ruhusa ya wenye ngitili.

Fito zimenywe magome mapema, zifungwe pamoja na kuanikwa kivulini kwa wiki kadhaa. Mti uliouzwa mbichi hupinda ukiwa dukani. Uliobaki na magome huficha wadudu wanaotoboa, na dalili yake ni vumbi laini kama unga. Fungu moja lenye wadudu hao linaweza kumpotezea fundi mteja wa kudumu. Kwa mteja wa nje hasara ni kubwa zaidi, kwani nchi kama Australia na New Zealand hukagua vikali vitu vya mti na manyoya, na huweza kuviteketeza.

Fito iliyopinda hupitishwa juu ya makaa na kunyooshwa taratibu ikiwa ya moto, kisha hushikiliwa mpaka ipoe. Baada ya hapo hukwanguliwa kwa kisu na kupigwa msasa, kwanza mkavu na mwisho laini. Mkato wa nyuma unaopokea ugwe wa upinde ufungwe uzi chini yake ili mti usipasuke.

Nakshi kabla ya mafuta

Njia rahisi ya kutia nakshi ni kuchoma. Waya au kisu chenye ncha ya moto huzungushwa juu ya mti na kuacha pete, mistari ya mshazari au vidoti vyeusi. Rangi nyekundu hupatikana kwa ngeu, nyeusi kwa masizi ya mkaa, na nyeupe kwa chokaa. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi na Wilaya jirani ya Meatu nao huchora mistari kwenye mishale yao. Alama hizo si urembo tu, kwani humtambulisha mwenye mshale. Fundi anayetumia alama moja kila mara hujenga jina lake sokoni.

Nakshi ikikauka, mti hupakwa mafuta au nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha husuguliwa kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi hukosea: gundi haishiki penye mafuta. Sehemu ya manyoya iachwe bila kupakwa.

Manyoya matatu hutosha. Yatoke bawa la upande mmoja ili yapinde kuelekea upande mmoja, yapasuliwe katikati ya uti, na yabandikwe kwa nafasi sawa. Mwanzo wa kila unyoya ufungwe vizuri kwa uzi au kano, kwani uti uliosimama huchana mkono wa mpigaji.

Sheria isisahauliwe

Manyoya ya tai yasitumike. Biashara ya tai kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na tangu mwaka 2015 aina kadhaa za tai wa Afrika zimo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Manyoya ya kuku au bata mzinga yanafaa, hayana gharama kubwa na hayaleti kesi.

Aidha, kuingia na silaha katika hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa, na upinde na mshale ni silaha. Uwindaji bila leseni nao ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mshale wa mapambo uwe na ncha butu au ya mti, na kamwe usipakwe sumu.

Hesabu ya fundi

Mafundi wengi huhesabu vifaa na kusahau siku zao. Chukua mfano wa kukokotoa tu: mishale 20 imetumia vifaa vya Sh 6,000, nauli ya mnadani Sh 4,000, na siku mbili za kazi ambazo kibarua angelipwa Sh 10,000. Jumla ni Sh 20,000, sawa na Sh 1,000 kwa mshale. Anayeuza kwa Sh 800 ataona fedha mkononi, lakini amefanya kazi kwa hasara.

Njia mojawapo ya kupandisha bei ni kuuza seti: upinde, mishale mitano yenye nakshi moja na podo lake. Mafundi wachache wakiungana wanaweza kugawana kazi, kuchangia nauli na kufika katika ofisi za SIDO za mkoa kuomba mafunzo ya biashara. Wanaotaka kuanza kiangazi kijacho wakate fito mara mavuno yakimalizika, ili mti uwe umekauka wakati mnunuzi anapofika.