Utangulizi: Kupanga, Kununua Kiwanja na Kusubiri Mkoani Mara

Mwalimu aliyepangiwa shule Bunda, muuguzi wa hospitali ya rufaa pale Kwangwa, mfanyabiashara wa dagaa anayeshinda Mwigobero: wote watatu, wakishauzoea mji na kipato kikatulia kidogo, hufika kwenye swali lile lile. Niendelee kulipa kodi ya nyumba, au ninunue kiwanja nianze kujenga? Wengi hulijibu kwa kusikiliza ndugu, na ndugu karibu wote hujibu kwa sauti moja: jenga, usiendelee kumtajirisha mwenye nyumba. Utangulizi huu ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kulitazama swali hilo kwa utulivu zaidi kuliko linavyotazamwa kwenye vikao vya ukoo. Swali lina taaluma yake, masomo ya makazi, na humo hukutana wachumi, wanasheria, wapima ardhi na wanasosholojia. Karibu uingie na swali lako mwenyewe mkononi, maana hapa hakuna njia bora zaidi ya kujifunza.

Tuanze na wachumi, kwa kuwa hoja yao ni fupi. Wanasema anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe naye analipa, ila hapewi risiti. Analipa ukarabati, analipa kodi ya jengo, na zaidi ya yote anakosa faida ambayo pesa zake zingeipata kwingine. Chukua mfano wa hesabu tu. Nyumba ya shilingi milioni 30, ambayo ungeweza kuipanga kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, inakuokolea milioni 1.2 kwa mwaka. Milioni hizo 30 zikiwekwa mahali penye faida ya asilimia 10, zinaleta milioni 3. Pengo ni milioni 1.8, yaani asilimia 6 ya bei ya nyumba. Kama thamani ya nyumba haipandi kwa asilimia 6 kila mwaka, mpangaji ndiye aliyefanya biashara nzuri. Nataka kila anayeanza taaluma hii aipige hesabu hiyo kwa nyumba anayoijua, kwa sababu inavunja kauli iliyoota mizizi kwamba kodi ya nyumba ni pesa iliyotupwa.

Lakini hesabu hiyo ilizaliwa kwenye nchi ambako mtu hununua nyumba iliyokamilika kwa mkopo wa miaka 25 au 30. Kwetu njia hiyo ni nyembamba sana. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo hasa, ilianguka mwaka 1995. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu za kukopesha. Hata hivyo, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wenye mikopo hiyo ni maelfu machache, na riba yake ni kubwa. Mtu wa Bweri au Nyakato hapa Musoma hana milioni 30 za kuchagua aziweke wapi. Ana laki tatu mwezi huu, laki moja mwezi ujao, na mwezi unaofuata kuna msiba Tarime.

Hapo ndipo somo linapokuwa tamu. Mwaka 1972 John Turner, msanifu majengo Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi na wajenzi wa vitongoji vya Peru, alisisitiza kwamba makazi yatazamwe kama kazi inayoendelea, yaani kile ambacho nyumba inamfanyia mtu kadiri maisha yake yanavyobadilika. Ukipita barabara ya kutoka Makutano kwenda Musoma unaiona hoja yake kwa macho. Msingi umekaa bila ukuta. Ukuta umefika kwenye lenta ukasimama. Nyumba imepauliwa, haina madirisha, na tayari kuna familia ndani. Mgeni huona ucheleweshaji, kumbe anatazama vitabu vya akiba vya watu. Laki tatu zikibaki kwenye simu zitaombwa na shemeji kabla ya mwisho wa wiki, na kumnyima ni vigumu. Zikigeuzwa kuwa tofali, hakuna anayekuja kuomba tofali 200 kwa ajili ya ada ya mtoto. Isitoshe, simenti na bati zikipanda bei, aliyenunua mwaka jana amejikinga. Kwa hiyo mchumi anayemwambia mtu wa Musoma aweke pesa benki badala ya kujenga polepole lazima kwanza ajibu swali la shemeji.

Akiba ya namna hiyo ina kasoro zake, na taaluma yetu haina budi kuzitaja. Msingi uliolala miaka saba haupangishiki na hauleti faida. Tofali za udongo zisizochomwa sawasawa huyeyuka masika. Nondo zilizoachwa wazi hushika kutu. Palipo na udongo mweusi wa mbuga, ardhi hutanuka wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na msingi mwembamba hupasuka nao. Muda wote huo mjenzi bado analipa kodi anakoishi, kwa hiyo anabeba gharama za pande zote mbili. Wengi wanaosema wameacha kupanga ili wajenge, kwa kweli wanapanga na kujenga kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa muongo mzima. Uchaguzi halisi basi ni wa mpangilio: kipi kitangulie, na kwa kasi gani.

Kinachotangulia ni ardhi, na ardhi ina sheria. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Anachopata mtu ni haki ya kuimiliki kwa muda, usiozidi miaka 99. Vijijini inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo, yenye hati ya hakimiliki ya kimila. Butiama ni mahali pazuri pa kulijifunzia jambo hili. Wilaya ilizaliwa mwaka 2012, na mji wake mdogo unakua juu ya ardhi ambayo kizazi kilichopita ilikuwa mashamba na maboma ya koo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi nchini kutoka maboma yao, na madai ya aina ile ya “hapa palikuwa pa babu” hayafi kwa sababu tu kuna karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba pesa zilitolewa. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba kiwanja kile kile hakijauzwa kwa mtu mwingine. Upo pia mpaka unaosahaulika sana Musoma, mji wa ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kufikia kina kisichowahi kupimwa kabla, na nyumba za pwani zake katika nchi zote tatu zikaingiwa na maji. Dalali anayekuonyesha kiwanja chenye upepo mzuri wa ziwa huenda asikutajie lolote kati ya hayo.

Sasa tuje kwa mpangaji, ambaye ndiye ninayemjali zaidi katika utangulizi huu, kwa kuwa ameachwa nje ya vitabu na nje ya sera. Historia yake inapita Butiama. Azimio la Arusha la 1967, kazi ya mtoto wa kijiji hicho, lilimkataza kiongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kudhibiti kodi, yenye mabaraza ambako mpangaji angeweza kulalamika. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1991 viongozi waliruhusiwa tena kupangisha, na mwaka 2005 sheria ya udhibiti ikafutwa. Tangu hapo mpangaji anasimama na mkataba wake, kama anao. Wengi hawana. Wana makubaliano ya mdomo, kodi ya miezi sita mkononi, na umeme wa LUKU unaogawanywa vyumba vitano. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU hiyo hiyo, mara nyingi hulipwa na mpangaji bila kurudishiwa.

Mtafiti Mswidi Jenny Cadstedt aliwaandikia wapangaji wa Mwanza tasnifu nzima mwaka 2006, na alichokiona huko kinatufaa sisi majirani: wapangaji ni wengi, lakini hawaonekani kwenye mipango ya makazi wala hawana sauti kubwa kwenye mitaa wanakoishi. Naamini kutoonekana huko ndiko kunakowasukuma watu kununua kabla ya wakati. Mtu anaponunua kiwanja kisichopimwa kwa haraka, mara nyingi anakimbia fedheha ya kufokewa uwani mbele ya watoto wake. Hakuna hesabu ya asilimia inayoweza kupima hilo, na mchumi anayelipuuza hajaielewa mitaa ya Musoma kama Nyasho.

Kwa mwanamke swali lina uzito wa pekee. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma katika urithi wa ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza iliamua katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama mwanamume anavyoweza, na sheria za 1999 zikatamka usawa huo wazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini mjane anayefukuzwa bomani hana muda wa kusubiri rufaa. Kwake kiwanja kidogo cha mjini chenye jina lake kwenye hati kina thamani kuliko shamba kubwa la ukoo, na ningemshauri binti yeyote anayeanza kazi aanze nacho, hata kama nyumba itachukua miaka 15.

Kwa wengine rai yangu ni ile ile kwa kiasi fulani: fanya haraka kupata ardhi iliyopimwa, usifanye haraka kujenga. Mtumishi anayeweza kuletewa barua ya uhamisho wakati wowote hana sababu ya kuona aibu kupanga. Anachohitaji ni mkataba wa maandishi na akiba isiyoguswa. Anayenunua karibu na mradi uliotangazwa, kama chuo kikuu cha Butiama, ajue kwamba matumaini ya mradi yameshaingia kwenye bei. Na kabla ya kumpa muuzaji hata shilingi moja, chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi, uombe upekuzi rasmi.

Sehemu kubwa ya maandishi utakayosoma katika taaluma hii inahusu Dar es Salaam, na kidogo Mwanza. Mara bado inangoja watu wake. Anza na mtaa unaoishi: waulize wapangaji watano wanalipa nini, kwa miezi mingapi, wana mkataba au hawana, na wangekaa kama wangekuwa nao. Andika majibu yao, kisha uje nayo darasani.