Mvinyo mkongwe hulainika, kileo hakipungui

JE, chupa ya mvinyo mweupe ikikaa kabatini miaka kumi, huwa imepungua nguvu? Wako wengi wanaoamini hivyo. Husema ukali umeisha, kwamba kinywaji kimekuwa laini kama sharubati, na mtu aweza kunywa glasi tatu bila neno.

Imani hiyo imewaponza watu, na mvinyo wa Chardonnay unaonyesha sababu.

Chardonnay ni zabibu nyeupe yenye asili yake katika jimbo la Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, ambako kuna hata kijiji chenye jina hilo. Mvinyo mwingi wake hutengenezwa unywewe katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ni michache tu, kama ile bora ya Chablis, Meursault na Puligny-Montrachet, yenye asidi ya kutosha kuuwezesha kudumu miaka kumi au ishirini.

Mwonjaji huanza kwa macho. Huinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mchanga una rangi ya manjano hafifu, pengine yenye ukijani kidogo. Hunukia limau na tofaa bichi, na ikiwa ulikaa katika pipa la mti wa mwaloni, utasikia vanila. Ulimini, asidi yake huleta mate kama mtu aliyeuma embe bichi.

Miaka minane au kumi baadaye, chupa ikiwa imetunzwa vyema, rangi ni ya dhahabu. Limau limerudi nyuma. Sasa kuna harufu ya asali, lozi, mkate uliochomwa na hata uyoga. Ule ukali wa ujana umefunikwa. Kwa kweli ni kinywaji kitamu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kinapita kooni bila kujitangaza.

Ukiachwa zaidi, mvinyo huwa kahawia kama chai ya rangi na kunuka tofaa lililopondeka likalala mezani usiku kucha. Hewa kidogo hupenya kwenye kizibo mwaka baada ya mwaka. Salfa inayotiwa ili kuuhifadhi ikishapungua, oksijeni hupata nafasi. Harufu hiyo ya tofaa husababishwa hasa na kemikali iitwayo asetaldehaidi.

Jina hilo lafaa kukumbukwa. Asetaldehaidi ndiyo ambayo ini lako hutengeneza linapovunjavunja kileo chochote, kiwe cha chupa ya fahari au cha kibuyu. Hudhuru chembechembe za mwili, na ni mojawapo ya njia ambazo pombe husababisha saratani.

Na kileo chenyewe? Hakiendi popote. Chardonnay iliyofungwa ikiwa na asilimia 13 ya kileo itafunguliwa ikiwa na kiasi hicho hicho, au karibu sana. Chupa ya mililita 750 ina gramu 77 hivi za kileo halisi. Glasi moja ya mililita 150 ina gramu 15. Mahesabu hayo hayabadiliki hata chupa iwe na umri wa mjukuu wako.

Waonjaji wenyewe wanalijua hili. Anayeonja mivinyo arobaini kwa asubuhi moja huuzungusha mdomoni, kisha huutema ndooni. Wageni huona ni ukosefu wa adabu, lakini bila ndoo hiyo hangefika adhuhuri akiwa amesimama.

Zamani, hasa miaka ya 1990, magazeti yalisifu mvinyo kuwa dawa ya moyo. Sifa hizo zilielekezwa zaidi kwa mwekundu. Mnamo Januari 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa hakidhuru afya.

Mama mjamzito asionje kabisa. Mgonjwa wa pumu naye asome lebo, kwani salfa iliyomo katika mivinyo mingi huweza kuwabana kifua baadhi yao. Anayetumia dawa, hasa za kifafa, kisukari au usingizi, amuulize daktari kwanza.

Sasa turudi kwa ile chupa uliyopewa siku ya harusi. Mvinyo wa kutunzwa huhitaji giza na baridi ya nyuzi 12 au 13 hivi, chupa ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke. Juu ya friji, au sebuleni Mombasa mwezi wa Februari, hauzeeki bali unapikwa. Hata Burgundy kwenyewe bahati haikosi kugeuka: mapema miaka ya 2000, watu waliofungua mivinyo ghali ya 1995 na 1996 walikuta mingi imegeuka kahawia kabla ya wakati wake. Vizibo vililaumiwa, na upungufu wa salfa pia, na ubishi haujaisha.

Ukifungua yako ukakuta ni kahawia na inanuka tofaa bovu, si sumu mpya, ila ladha imekufa na kileo kimebaki. Mwaga bila kusikitika. Na kama bado ni ya dhahabu, ionje mapema. Mvinyo mkongwe ukishafunguliwa hupoteza harufu yake kwa saa chache tu, na kesho yake huwa hauna la kunusa.