Kubadili Springi za Mbele za Land Rover
Huko Galu, katika Kwale, hewa ya chumvi itokayo baharini hula chuma upesi, hata springi za mbele za Land Rover za zamani hukatika kwa kutu. Mwenye gari aweza kuzibadili nyumbani, lakini ahadhari. Kwa kuwa mchanga hudidimia, jeki yapasa kuwekewa ubao mnene, magurudumu ya nyuma yazuiwe, na fremu iegemezwe juu ya magogo imara. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe: ikiteleza huua. Springi zote mbili zibadiliwe pamoja, gari lisije likainama upande. Bolti za ncha zake zikazwe kabisa baada ya gari kushushwa. Zikikazwa likiwa juu, bushi za mpira husokoteka na kuharibika mapema.